Mwezi wa Rajabu wa Shemeji Abdulatifu

Wako watu wa pwani waliokuja Karagwe kutafuta pembe, na wako waliokuja kutafuta ngozi. Shemeji yangu Abdulatifu bin Mbwana alikuja kutafuta vitu hivyo hivyo, akaishia kutafuta mwezi. Alikuwa mshona kanzu, mtu wa Pangani, na alimwoa dada yangu Mwajabu kabla mimi sijaota ndevu. Habari zake wengi wanazisimulia, tena wanazisimulia vibaya, kwa kuwa hawakuwapo. Mimi, Abdulghani, nilikuwapo. Chuoni nilifika juzuu ya tatu tu, sifichi. Lakini aliyechoka alikuwa mwalimu, si mimi.

Mtaa wetu wakati ule ulikuwa nyumba tisa za Waswahili, chini kidogo ya Kayanga, pale njia ya kutoka Bukoba inapoingia migombani. Mahali pazuri pa kuuza nguo na chumvi, ila upande wa machweo tumezibwa na mlima mrefu ambao wenyeji huuita Rwenkende, kwa sababu ya tumbili wake. Nanyi mnajua mwezi mwandamo unavyokaa. Huonekana magharibi, chini kabisa, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha unazama. Mtu aliyekaa bondeni na mlima umemkinga atauona kesho yake, umeshanenepa, na hesabu zake zote zimeshaharibika: saumu, maulidi, hata eda za wanawake. Kwa hiyo kila tarehe ishirini na tisa, baada ya alasiri, mtu mmoja alipanda Rwenkende kwenda kutuangalizia.

Mtu huyo alikuwa shemeji. Siku ile ya kwanza Mwalimu Abdulrahim, aliyekuwa imamu wetu na kadhi wetu na mganga wetu wa meno, aliuliza barazani nani ana macho mazuri. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kiatu. Shemeji alikuwa ameinua uso. Kuinama kule kulinifaa miaka kumi na minne.

Mtazameni basi mtu mwenyewe. Mrefu, mwembamba, mgongo umepinda kwa kushona. Mchana kutwa amekunja miguu juu ya mkeka, sindano mkononi, uzi mdomoni. Kisha mara moja kila mwezi anaikunjua miguu ile ile na kuiambia ipande mlima. Magoti yake yalilia kama mlango wa ghala. Alipanda ameshika fimbo, kanzu ameifunga kiunoni, na aliposhuka hakusema ila neno moja, umeandama au haujaandama, akaenda kulala. Tulifunga kwa neno lake na tukafungua kwa neno lake. Hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Lakini nyumbani alikuwa mtu wa manung'uniko, na simlaumu. Ugenini kuna mambo madogo ambayo ukimweleza mtu wa kwenu atakucheka, na wewe mwenyewe yanakumaliza. Baridi ya asubuhi inaingia ndani ya kanzu inakaa humo mpaka adhuhuri. Uzi unaoza kwenye sanduku. Funza wanaingia chini ya kucha, unamtoa huyu, mwenzake anahamia jirani. Kuni ni mbichi mwaka mzima. Wali ni wa kuota. Chakula ni ndizi zao za kupika, ebitoke, leo kwa maharage, kesho kwa maharage, na kesho kutwa maharage yamekwisha. Mimi nilizipenda ndizi zile mpaka nikanenepa, lakini shemeji kila alipoletewa sahani aliitazama kama mtu aliyeletewa shtaka. Kinyambo, lugha ya wenyeji, hakukijua vizuri hata baada ya miaka yote ile. Akisema, watoto walicheka. Akinyamaza, wakubwa walisema anaringa.

Mzee Kabyemela, mwenye shamba la migomba lililopakana na njia ya mlimani, alimwona akipita kila mwezi na hakuacha kushangaa. Alidhani kwanza shemeji amepoteza ng'ombe. Alipoelezwa kuwa ni mwezi, alituuliza kwa upole kama huko kwetu mwezi haufiki mpaka ufuatwe.

Sasa, dada na shemeji walikuwa na mtoto mmoja, Zuena, waliyemwacha Pangani kwa bibi yake tangu mdogo. Mwaka ninaousimulia ilikuja barua kwa mkono wa mfanyabiashara wa Bukoba, ikisema Zuena amejifungua mtoto wa kiume. Mwalimu aliisoma barazani. Mimi ningeisoma, lakini mwandiko ulikuwa mbaya. Dada aliichukua akaifunga katika pindo la kanga, na tangu siku hiyo mazungumzo yake yakawa ni hayo tu: twende kwetu. Zamani safari ile ilikuwa miezi ya kutembea, na watu walikufa njiani. Lakini sasa kulikuwa na meli Bukoba, na gari la moshi Kisumu mpaka Mombasa. Udhuru ulikuwa umekwisha.

Shemeji alijibu kila mara kwamba mwakani. Na mimi nilijua sababu, maana siku anaondoka Pangani nilikuwa pale ukumbini, nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia wazee wa mtaa kwamba atarudi kujenga nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi. Mlango huo haukupatikana Karagwe. Alichopata ni mgongo uliopinda na masanduku mawili ya nguo. Alitamani kwenda kwao kuliko hata dada. Nilimwona mara nyingi ameegemea ukuta anatazama njia. Ila kurudi mikono mitupu mbele ya wale wazee kulimshinda.

Jioni ya kuandama Mfunguo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, mvua ilikuwa kubwa. Shemeji alipanda Rwenkende ndani ya mvua hiyo, akauona mwezi katikati ya mawingu mawili, akashuka kwa makalio zaidi kuliko miguu. Aliingia nyumbani amechanika muundi, anatetemeka. Ndani kumejaa moshi wa kuni mbichi, ndizi hazijaiva, na dada amekaa mbele ya mafiga macho yakimtoka machozi ya moshi. Dada akasema kama ni kufukizwa, bora afukizwe Pangani huku amempakata mjukuu. Ndilo neno alilolisema kila siku. Siku ile shemeji alimjibu jingine.

"Nenda basi," alisema. "Nimekuacha."

Talaka moja, kwa sababu ya kuni. Nawaapia sikuongeza.

Asubuhi yake walikuwa mbele ya Mwalimu Abdulrahim, na mimi nikiwa ndugu wa mwanamke nilikaa katikati nikiwa na uso wa hukumu. Mwalimu akasema talaka imepita, nayo ni ya kurejea. Kwa kuwa dada alikwisha vuka umri wa kuhesabu kwa siku zake, eda yake itahesabiwa kwa mwezi: Mfunguo Saba, Mfunguo Nane, Mfunguo Tisa. Atakaa nyumba ile ile na mume atamlisha. Katika muda huo Abdulatifu anaweza kumrejea kwa neno moja tu, akitaka yeye. Lakini mwezi wa Rajabu ukiandama hajasema, mke si wake tena.

Watu wote barazani wakageuka kumtazama shemeji, maana ni nani aliyekuwa akituangalizia mwezi? Mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu, na Mwalimu akanitazama, akasema mtu mwenye jambo lake ndani ya mwezi haifai kupanda peke yake. Kwa hiyo miezi hii Abdulghani atafuatana naye, kwa kuwa anaonekana ana pumzi nyingi. Kicheko hicho kilinigharimu milima mitatu.

Wakaishi hivyo. Nyumba vyumba viwili, kati yao wametundika shuka. Dada alipika chake, shemeji akala kwangu, na maneno yao yote yakapita kinywani mwangu kama barua za posta. Mwambie mwenzio chumvi imekwisha. Mwambie mwenzio chumvi iko nyuma ya mlango. Walikuwa wanasikiana wazi wazi, shuka ile ilikuwa nyepesi, nami nilikaa katikati kurudia. Mara nyingine nilirudia nikiongeza pilipili yangu, kisha dada akaniambia nyuma ya shuka kwamba hayo siyo aliyoyasema.

Mwezi wa Mfunguo Nane tuliukuta bila taabu, siku ishirini na tisa. Wa Mfunguo Tisa pia, ishirini na tisa. Njiani siku hiyo ya pili, wakati mimi nimekaa juu ya jiwe kuyapa mapafu nafasi, nilimuuliza shemeji kwa nini hasemi neno lake likaisha, sote tukapumzika. Akasema akilisema leo, kesho ataulizwa safari. Nilipomwambia dada hayo, aliacha kupeta maharage.

"Mwambie akinirejea, anirejee mguu wake uko njiani," alisema. "Akinirejea kwenye baridi hii sitakataa, sheria haiko mkononi mwangu. Lakini atakuwa amerejea mpishi."

Hilo nililifikisha bila pilipili. Shemeji aliisukuma sindano katika kitambaa, akashona mshono mzima, akafika mwisho wa uzi, akatunga mwingine.

Wakati huo huo alipita mfanyabiashara wa ngozi kutoka Kaisho, na mkewe aitwaye Mwaja, mwanamke wa Tanga. Walikuwa wakipeleka mzigo Bukoba na Mwaja alikuwa akiendelea mpaka pwani kwa ndugu zake. Dada akapatana naye. Wataondoka tarehe mbili ya Rajabu, eda ikiwa imekwisha. Sasa mambo yalikuwa na siku yake.

Ikafika ishirini na tisa ya Mfunguo Tisa. Kiangazi kimekolea, mvua imesahaulika, watu wanachoma nyasi milimani kila upande, na moshi umetanda mpaka jua la mchana linaonekana kama sahani ya shaba. Tulipoanza kupanda nilidhani nitamkuta shemeji amejaa mashaka. La. Alikuwa mwepesi, karibu mchangamfu. Migombani alisimama kumwamkia Mzee Kabyemela kwa Kinyambo chake kibovu, akapewa kahawa ya kutafuna iliyofungwa katika jani la mgomba, akanigawia. Mzee akatuambia leo tusijisumbue, kwa moshi huu hata Rwenkende wenyewe hauonekani vizuri.

Tulipotoka migombani na kuingia kwenye majani makavu, ambako njia inasimama wima kama ngazi, shemeji alinieleza siri yake huku anahema. Alikuwa ameamua. Atamrejea dada, tena atafunga safari pamoja naye na Mwaja. Wazee wa Pangani na wacheke. Watacheka siku tatu, watachoka. Amekwisha kata kanzu mpya, imebaki kushona shingo. Kesho asubuhi ataimaliza, atanyoa ndevu, na baada ya adhuhuri, mbele ya watu wote barazani, atasema neno.

Nikamwambia kesho ni mbali, aseme sasa, mimi shahidi. Neno moja halina uzito, alitue hapa hapa kwenye majani.

"Neno kama lile mtu halisemi anahema, kanzu imelowa jasho, mbele ya shemeji anayejikuna," alisema. "Nilimwacha nikiwa mchafu. Nitamrejea nikiwa safi."

"Na mwezi ukiandama leo?"

Akacheka. Miaka kumi na minne, akasema, ameuangalia mwezi huu kuliko alivyomwangalia mama yake. Miezi miwili imepungua mfululizo, Saba na Nane. Wa tatu haupungui. Ameshaona, anajua; huu utatimia thelathini. Leo tunapanda kwa desturi tu.

Nami nikaridhika. Ningewezaje kubishana naye juu ya mwezi? Ingekuwa kama kubishana na mvuvi juu ya samaki. Nawaambia hivi mpate kujua kwamba kosa lile halikuwa la mtu mjinga. Mjinga angesema neno lake asubuhi, kwa woga.

Juu kabisa pana jiwe bapa, na upepo usiokuwa na adabu. Siku za mvua ukisimama pale unaona bonde la Kagera na milima ya Ruanda ng'ambo, mmoja nyuma ya mwingine. Siku ile hatukuona ila moshi, tabaka juu ya tabaka, na jua likizama ndani yake jekundu, halina miale. Shemeji akasimama mahali pake, mikono nyuma, kama alivyosimama mara zote. Mimi nikageukia mashariki, nikakaa, nikavua kiatu, maana funza alikuwa ananifanyia karamu kwenye kidole gumba tangu tulipovuka majani. Nilikuwa na mwiba mzuri. Kazi ile inataka utulivu.

Jua likazama. Nilimsikia shemeji akipumua kwa kasi, kisha sikumsikia. Nilimtoa funza wangu mzima na mfuko wake, nikataka kumwonyesha mtu, nikageuka. Shemeji alikuwa amesimama vile vile. Nikatazama anakotazama: moshi. Nikamuuliza ameona nini. Akakunjua shuka lake tuswali magharibi. Akaswalisha yeye, sura fupi. Baada ya salamu alikaa mno.

Tukashuka. Nilikuwa nafikiria chakula. Giza lilikuwa bado halijaingia sawasawa tulipofika kwenye ua wa Mzee Kabyemela, na hapo shemeji akasimama, akashika mti wa ua kwa mikono miwili.

"Abdulghani," alisema. "Umeandama."

Sikuelewa upesi. Nilidhani anauliza.

"Moshi ulipasuka kidogo, ukawa pale, kama ukucha uliokatwa. Nilihesabu mpaka thelathini na tatu, ukafunikwa."

"Ulisema neno?"

"Lini? Jua lilikuwa limeshazama."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Mtanisamehe jamaa zangu, mimi ndugu wa mwanamke, mlinzi wa haki yake. Lakini jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa la kumnyang'anya haki hiyo. Niliwaona wote wawili wamekwenda, mmoja huku na mmoja kule, na mimi nakula ebitoke peke yangu mpaka kufa. Nikamwambia asikilize vizuri. Mimi sikuuona. Tumetumwa wawili, na mmoja wa wawili hakuona. Moshi huu kila mtu ameuona. Tukishuka tuseme haukuonekana, mwezi utatimia thelathini, kesho atashona shingo ya kanzu yake, atanyoa, atasema neno lake barazani, na dada atafurahi kuliko mtu yeyote. Nani aliyedhulumiwa?

Alifikiri. Sitasema hakufikiri. Alifikiri mpaka mbuzi wa Kabyemela akaja kunusa kanzu yake.

"Miaka kumi na minne nimeshuka mlima huu peke yangu," alisema, "mkafunga kwa jicho langu, mkafungua kwa jicho langu. Leo nikidanganya mmoja, ile mingine utaniaminije?"

"Mimi nitakuamini."

"Wewe unaamini hata unayoyasema mwenyewe."

Hilo nalo akaniachia nilibebe mpaka chini.

Msikiti wetu ulikuwa banda la nyasi, na watu walikuwa wamekaa nje wakingoja isha. Shemeji hakukaa. Alisema mwezi umeandama, kesho ni mosi Rajabu, mimi nimeuona, Abdulghani hakuuona kwa sababu alikuwa na funza. Hata hilo la funza alilisema. Mwalimu Abdulrahim akamuuliza kama kabla ya jua kuzama alitamka lolote. Akasema hakutamka. Akaulizwa kama alinuia. Akasema alinuia kesho.

Mwalimu akasema nia ya kesho si neno la leo. Dada alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa mabua na wanawake wenzake. Nilimwona akivuta kanga usoni, akageuka, akaenda zake polepole.

Haikufaa tena shemeji kulala chini ya paa moja naye. Alikuja kwangu na mto na sanduku la nyuzi.

Asubuhi niliamka nikamkuta amekaa mlangoni, amevaa kanzu mpya. Shingo ameimaliza. Ndevu amenyoa, na amejikata kidogo kidevuni. Akanisalimu kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake, akasema amekuja kuniona kwa jambo.

"Nimekuja kuposa, Bwana Abdulghani."

Maana mlango ulikuwa haujafungwa wote. Eda imekwisha, lakini talaka ni moja. Mwanamke si mkewe, ila si haramu kwake. Anaweza kumwoa upya kama mgeni yeyote, kwa posa, kwa mahari, na kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Na baba yetu akiwa marehemu, walii wa Mwajabu katika Karagwe yote ni nani? Ni mimi.

Ungelikuwa wewe ungefanyaje? Nilirudi ndani nikavaa kofia yangu nzuri. Nikatandika mkeka. Nikamngojesha kidogo, kisha nikamkaribisha na kumuuliza jina lake, na jina la babake, na kazi yake, na kama anakunywa rubisi, ile pombe ya ndizi. Akajibu yote, mikono magotini. Nikamuuliza kama amewahi kuoa. Akasema amewahi.

"Na huyo mke yuko wapi?"

"Nilimwacha."

"Kosa lake?"

"Hakuwa na kosa," alisema. "Nilikuwa nimechoka, Abdulghani. Bado nimechoka. Nenda kaniulizie."

Mzaha ukaniishia kinywani. Nikaenda.

Dada alikuwa akifunga mzigo wake kwa kamba ya mgomba, goti amelikandamiza juu ya furushi. Nikamweleza posa imeletwa, na aliyeileta amevaa vizuri. Alivuta kamba, akapiga fundo, akapiga la pili. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi sikuuona ule mwezi. Nikasema kweli. Akaniuliza kama ningenyamaza, au kama nilimwambia anyamaze. Nikatazama paa. Dada yangu ananijua.

Akakaa juu ya furushi.

"Mwambie nimeikubali posa," alisema. "Mahari yangu nitaipokea Pangani. Ailete mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya mwanangu. Hapa siolewi."

Nikamuuliza mahari yenyewe kiasi gani. Akasema hata sindano moja, mradi imetembea.

Alipoondoka na Mwaja kesho yake, shemeji alisimama kando ya njia pamoja na watu wengine, kama inavyompasa mtu ambaye hajaoa. Dada alipita akatusalimu sote kwa pamoja. Mizigo ikashika njia inayopitia Ihanda, vumbi likabaki.

Nawaambia ukweli, sikuamini kama atamfuata. Mwezi ule wa Rajabu ulikuwa mrefu kwangu kuliko miezi yote. Alisema anamalizia kanzu za watu alizokwisha kuzikata, na ni kweli alizimalizia. Lakini kila ilipokwisha moja niliona anakaa kidogo kabla ya kushika nyingine, na nilikumbuka wazee wa Pangani na mlango wa nakshi. Nguo za masanduku aliziachia mtu kwa bei ya kutupa. Vyombo akanipa mimi. Nilimwandikia hati ya uwakala wa ndoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikimwidhinisha kadhi wa Pangani aniozeshee dada, barua nzuri sana, na Mwalimu akairudia kuiandika tena yote, alisema kwa ajili ya wino.

Tarehe ishirini na tisa ikafika. Mwezi wa kuangaliwa ulikuwa wa Shaabani, ambao baada yake ni Ramadhani, watu hawautanii. Asubuhi Mwalimu alikuja kumkumbusha mlima. Akamkuta shemeji amevaa viatu, mzigo mdogo begani, fimbo mkononi. Shemeji akamwomba radhi. Akasema magoti yake yamebakiwa na safari moja, na akiupanda Rwenkende ataimalizia huko.

Mwalimu akaniangalia mimi. Safari hii sikuwahi kuinama.

Nilimsindikiza shemeji mpaka pale migomba inapokwisha. Alinikumbusha kwamba mwezi unakaa mkono wa kushoto wa pale jua lilipozamia, si kulia, na kwamba nisikae chini, nikikaa sitaamka. Nikamwambia mimi nina miguu ya swala, asinifundishe. Akasema anajua. Akapandisha njia ya Ihanda akipumzika kila baada ya hatua ishirini, na mara zote alipumzika amesimama, uso mbele.

Alasiri nikapanda. Nilipumzika mara kumi na moja. Mzee Kabyemela alihesabu kutoka shambani kwake, akanipigia kelele kila idadi. Nilipofika kwenye jiwe bapa moshi ulikuwa umepungua, mbingu imetakata, siku nzuri kabisa ya kuona mwezi. Nikasimama kama nilivyoambiwa, mkono wa kushoto, sikukaa.

Kisha nikageuka mashariki mara moja tu. Kutoka pale juu njia ya Bukoba inaonekana kipande kirefu, nyeupe kati ya vilima, nami nilitaka kujua kama mtu mrefu aliyepinda mgongo anaweza kuonekana kwa umbali ule. Niliwaona watu wawili na mbuzi. Nikaona mmoja peke yake, mbali zaidi, nikamkazia macho mpaka akawa kichaka. Nikamtafuta nyuma ya kichaka, na mbele yake, mpaka macho yakatoka machozi kwa upepo. Huenda alikuwa ameshapita.

Nilipogeukia magharibi jua lilikuwa limezama zamani. Mahali pa mwezi palikuwa peupe, hapana kitu. Kama ulikuwapo, ulikuwa umekwenda. Nikashuka kwa makalio zaidi kuliko miguu, nikawakuta watu wamekaa nje ya banda wananingoja, nikawaambia sikuuona, watimize thelathini. Wakaniuliza mara mbili.